Samaki Wangu Walikuja Kanisani

Ushawahi kuhubiri ukaona samaki anapita mlangoni?

Mimi nimeona. Tena samaki wangu mwenyewe, ngege wa kutosha kiganja, anarukaruka kwenye tope la uwanja wa kanisa.

Naitwa Mokaya. Mimi ni Mkisii, lakini nalima huku Rangwe, upande wa Asumbi, mwaka wa kumi na mbili sasa. Desemba nilichimba kidimbwi cha samaki ndani ya boma langu, juu ya mteremko. Kanisa letu la Sabato liko chini yake, karibu sana.

Mke wangu Eucabeth alitoa shamba lake lote la mboga za managu ili kidimbwi kipate nafasi. Siku ya kujaza maji aliuliza swali moja tu.

"Baba Kerubo, hii ikijaa, maji itatokea wapi?"

Nilicheka. Jua lilikuwa linachoma hadi mbuzi wanagombania kivuli.

"Wee! Hata kujaa kwenyewe ni shida!"

Nikaweka vifaranga vya samaki. Njia ya kutolea maji nikaiacha, eti nitafanya baadaye. Eucabeth ndiye aliyewalisha asubuhi na jioni, miezi minne mizima. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja tuvue.

Aprili mvua zikakolea. Maji yakabakiza shibiri moja kufika juu ya ukingo. Hapo ndipo mjanja mimi nilipomwita Maroa, fundi wa kuchimba kutoka Ntimaru.

Ijumaa alikata ukingo ili alaze bomba. Kabla hajaliingiza, jua likaanza kuzama.

"Mzee, imebaki nusu saa tu. Wacha nimalize."

"Sabato inaingia, Maroa. Ziba na magunia ya udongo. Utarudi Jumapili."

"Na mvua je?"

"Mungu anaijua Sabato yake."

Maroa ni Mkatoliki. Alinitazama, akaziba, akaenda.

Kesho yake nilikuwa mimbarani, nahubiri juu ya imani, mvua ilipoanza kupiga mabati. Nikapaza sauti. Mvua nayo ikapaza. Mdomo ulikuwa unasoma Waebrania, moyo uko kwenye magunia.

Ndipo yule ngege akapita mlangoni. Akafuata mwingine. Kisha maji mekundu yakaingia uwanjani na samaki wengi hata sikuweza kuwatazama.

Eucabeth alisimama katikati ya akina mama, mikono kichwani.

Nilitoka mbio na Biblia mkononi. Jirani yangu Omanga alikuwa ameshafika na karai.

"Mokaya! Leo umetulisha, jirani!"

Samaki wakishatoka kidimbwini unamshtaki nani?

Nilipofika kwangu nilimkuta Maroa nje ya geti, amelowa chapachapa, jembe begani.

"Niko hapa tangu saa tatu, mzee. Nimekupigia hadi nikachoka."

Simu niliizima Ijumaa jioni.

"Si ungeruka seng'enge?"

"Mimi Mkuria, niruke seng'enge ya mtu hayuko? Hapa? Si wangeniita mwizi wanichome?"

Akaendelea polepole. "Gunia moja lilianza kuteleza nikiona. Ningeingia, ningelishika. Nimesimama tu hapa naangalia mpaka ukingo ukaenda."

Nikakaa kwenye tope. Kwa sababu geti letu huwa halifungwi. Asubuhi hiyo nililifunga mimi, kwa kufuli, nikijua Maroa ni mtu wa kazi na angeweza kuja kunivunjia Sabato.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu muda wote nikihubiri.

Eucabeth alifika nyuma yangu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Baba Kerubo, ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, Yesu alisema tufanye nini?"

Nilijua jibu: tumtoe siku hiyo hiyo. Nikatoa ufunguo, nikamfungulia Maroa geti.

Ndugu yangu unayesoma, ukichimba kidimbwi, anza na njia ya maji kutoka, ndipo uyaingize. Bomba liwe tayari kabla hujanunua hata kifaranga kimoja. Na mtu akija kukuokoa, usiwe wewe uliyemfungia nje.