Mama Aliyemlaza Chini Mwenye Chuo

Muuguzi mstaafu aliyekuwa akiwafundisha wanafunzi huduma ya kwanza kwenye chuo cha udereva pale Bangwe amefariki, tumemzika Ujiji juma hili. Mimi nilimfahamu kwa sababu ya mguu. Gari lilinitupa kwenye mteremko wa Kalinzi nikavunjika paja, na waliokuja kunisaidia walikuwa bodaboda wa njia ile. Nawataja, maana ndio wabaya wangu. Walinimwagia maji, wakanivuta mikono, wakanipakia mshikaki, dereva mbele, mwingine nyuma, mimi katikati, mguu unaning'inia kama samaki mgebuka sokoni. Walikuwa na huruma kweli. Huruma hiyo ndiyo iliyonifupisha mguu.

Mama yule aliponiona nachechemea akasema, "Baba, njoo ulale darasani kwangu, wajifunzie kwako." Nikawa majeruhi wa chuo. Wanafunzi wakikimbilia kuninyanyua, anawazuia: "Mwacheni. Simamisheni magari kwanza. Halafu muulizeni anaumia wapi. Mdomo anao huyo, tena mrefu."

Mwenye chuo hakulitaka somo lile. "Mama, hawa wamekuja kushika usukani, siyo kuwa manesi. Leo tulifute." Mama akamjibu kwa upole, "Sawa, mwanangu. Basi tumalizie na wewe, lala hapo." Akalala na shati lake jeupe. Mama akawaita wanafunzi wapya, wasiojua kitu, akawaambia wamsaidie kama wanavyosaidia kwao. Maji yakamwagika, mikono ikavutwa, na kijana wa Mwamgongo, ambaye kwao majeruhi wote hutolewa ziwani, akaanza kumkandamiza tumbo ili ateme maji.

"Niache, mimi mzima."

"Tulia, mzee. Hata kwetu husema hivyohivyo."

Somo halikufutwa. Lakini juzi msibani nimemsikia mwenye chuo akimwambia jirani yake kwamba sasa ratiba itapungua, wanafunzi watamaliza mapema. Mwili wa mama haujapoa. Ni yuleyule wa Bangwe, mnamjua, na akisoma hapa ajue nimemsema.

Sisi watu wa huku hatuna uhaba wa huruma, tuna uhaba wa kutulia. Kwa hiyo Jumatatu naenda kulala mlangoni pa darasa, sijaalikwa, na anayetaka kulifuta somo aniruke. Nanyi wasomaji, mkimkuta mtu kalala barabarani, kaeni mbali na mikono yake. Muulizeni kwanza.