Mise Kwenye Tairi

Nilikuwa nimemwapia mama kwamba nikianguka tena na baiskeli, naacha. Si kuacha wiki mbili nikipoa nirudi. Kuacha kabisa, baiskeli iuzwe, na mimi nitulie kwenye cherehani yangu pale Mwanga, hapa Kigoma, kama mafundi wenzangu. Kiapo hicho nilikitoa mkono umefungwa kifuani, mfupa wa bega umevunjika, mama ananilisha ugali kwa dagaa tonge kwa tonge. Mtu akilishwa na mama yake huapa chochote.

Kwa hiyo msinicheke nilivyohangaika na matairi. Mbio zilizokuwa zinakuja ni zile za kushindana na saa. Mnaachiwa mmoja mmoja, hakuna wa kujificha nyuma yake akukingie upepo, na anayetumia muda mfupi ndiye mshindi. Unatoka nje ya mji kwa kupanda, unageuka juu, unarudi kwa kushuka. Na huko kwenye kushuka ndiko iliko ile kona iliyonivunja bega.

Nilikuwa na matairi ya aina mbili. Ya kwanza mapana, yana meno, kama wanayofunga wabeba mawese wanaoleta madumu kutoka vijijini. Hayo hayakuangushi kirahisi, lakini mlimani ni mazito, utadhani umebeba dumu lenyewe. Ya pili ni laini, hayana meno hata moja, mtumba uliovuka mpaka kutoka Burundi. Mawili membamba, na moja pana kidogo lililobaki bila mwenzake. Nilipoyaonyesha kijiweni kwa waendesha baiskeli wenzangu, kila mtu akawa mtaalamu.

"Tairi lisilo na meno litashikaje barabara?" akauliza mmoja.

"Kwani lami ni hindi la kuchoma, itafunwe?" nikamjibu.

Wakacheka, lakini mimi sikuwa nacheka moyoni. Nilikuwa nimeyajaribu. Lami ikiwa kavu, tairi laini linashika kuliko lenye meno, kwa sababu mpira wote unagusa chini. Shida yake ni moja: halisamehe. Weka kitu chochote katikati ya mpira na lami, maji, mchanga, mafuta, na limekutupa kabla hujasema "mama". Mwishowe nikaamua. Nyuma lile jembamba, lisinicheleweshe mlimani. Mbele lile pana kidogo, kwa sababu tairi la nyuma likiteleza bado una nafasi ya kusali, la mbele likiteleza umeshafika chini. Upepo sikuujaza mpaka likawa jiwe, niliacha likubali gumba kidogo. Kisha, siku ya kuamkia mbio, nikakaa barazani nyumbani kwetu Kasingirima nikayasugua yote mawili kwa msasa. Mpira wa zamani hufanya ngozi ya juu inayong'aa, na ile ngozi inateleza. Nikasugua mpaka yakawa na rangi ya majivu. Nikaridhika.

Mama alipita na beseni lake akayatazama. Tangu nijiandikishe alikuwa amenuna, akinijibu kwa "haya" na "sawa" tu. Mama yangu anauza mafuta ya mawese na mise, yale mafuta meusi ya kokwa za mchikichi tunayojipaka mwilini. Tangu akiwa msichana ameyabeba kichwani kutoka vijijini mpaka sokoni, na kununa anajua kama anavyojua kupima kibaba. Lakini alfajiri ile, nilipotoka kuoga, alinishangaza.

"Leo nitakuja kukutazama," akasema. "Mimi na wenzangu wa sokoni. Tutasimama pale konani."

Pale konani! Nikataka kumwambia mama, simama popote, simama hata ziwani, pale usisimame. Lakini alikuwa ananisemesha kwa mara ya kwanza wiki nzima, nikanyamaza. Baiskeli alikuwa ameshaitoa nje mwenyewe, ameyafunga magurudumu kwa khanga zake mbili, eti yasipate vumbi njiani. Nikaipakia kwenye bajaji jinsi ilivyo. Nilifurahi, sitaficha. Nilisema moyoni, leo bibi mkubwa amelainika.

Nilizifungua zile khanga kwenye mstari wa kuanzia, mbele yangu wamebaki wachache. Nikanusa kwanza kabla sijaona. Ile harufu nzito ya mise, harufu ya utoto wangu wote. Matairi yalikuwa yanang'aa. Mbele, nyuma, pembeni, pale pale panapogusa lami, kila mahali. Yamepakwa yakakolea, yakafungwa khanga, yakanywa mafuta vizuri.

"Mawe!" nikapiga kelele, ndivyo sisi Waha tunavyomwita mama tukishtuka, na mara ile nilikuwa namwita yeye hasa.

Dada mmoja muuguzi, mshindani aliyekuwa aondoke kabla yangu, alikuja kuangalia. Akapitisha kidole, akakitazama kidole, akanitazama mimi. Akaniletea maji ya chupa na sabuni ya unga aliyoomba kwa mama ntilie wa jirani. Nikasugua kwa ile khanga kama mwendawazimu. Povu likaja jeusi, nikasuuza, nikasugua tena. Ule mng'ao ukapungua, lakini nilipobana mpira kwa kidole bado kilikuwa kinateleza. Mpira uliopigwa msasa hunywa mafuta vizuri sana, na aliyeupiga msasa ni mimi. Matairi mengine yako nyumbani. Mwamuzi akaita jina la yule dada, dada akaondoka.

Hapo ndipo wazo baya likaniingia, na nitalisema lilivyokuwa. Huyu mwanamke amebeba mafuta maisha yake yote. Anajua dumu likivuja njiani nini humpata mtu anayekanyaga. Hakuna mtu Kigoma nzima anayejua utelezi kumshinda. Na anakijua kiapo changu. Nianguke mara moja tu, pale konani, mbele ya macho yake, na baiskeli imekwisha. Amefanya makusudi. Nikazibana breki kwa hasira mpaka zikalia.

Ningeweza kujitoa. Lakini nikijitoa nimeshindwa bila kuanguka, na yeye amepata alichotaka kwa bei rahisi zaidi. Maji nimeyavulia nguo, nikasema. Mwamuzi akahesabu kwa vidole, akanigusa mgongoni, nikaenda.

Mlimani hakukuwa na hatari. Nilikanyaga kwa ghadhabu, kila pedali nikimjibu mama. Katikati ya mlima akili ikaanza kurudi, nikakumbuka kitu, na kitu chenyewe ni chake yeye, kinaniudhi mpaka leo. Nilipokuwa mdogo nikimsindikiza kubeba mafuta, yakinimwagikia miguuni alikuwa ananizuia kutembea. "Mguu wenye mafuta ulishe vumbi kwanza," alikuwa akisema, ananisugua nyayo kwa vumbi la njiani, ananigongagonga, ndipo tunaendelea.

Nikaiacha lami. Watu waliokuwa pembeni wakapiga kelele, wewe, barabara iko huku! Nikapita kwenye ukingo wa vumbi jekundu, baiskeli inacheza chini yangu, muda wangu unamwagika. Nikaendesha vumbini, nikarudi kwenye lami kuyapangusa, nikaingia tena vumbini, nikarudi tena. Yule wa nyuma yangu akanipita, na katika mbio hizi kupitwa ni aibu kama kuvuliwa kilemba. Akageuka kunitazama kama anayemtazama mgonjwa. Mpaka nafika juu matairi yalikuwa mekundu, yamekauka kiasi, kiasi gani sikujua.

Kisha kushuka. Ziwa lilikuwa mbele yangu lote na sikuliona. Niliona lami tu, na mikono yangu. Kila nilipoigusa breki ya mbele nilisikiliza. Upepo ukaanza kuvuma masikioni, lile bega la zamani likaanza kuuma lenyewe bila kuguswa, na kona ikaja.

Niliwaona kabla ya kona yenyewe. Wanawake wa sokoni, na katikati yao mama, amevaa gauni lake la sikukuu nililomshonea mwenyewe, mikono yote miwili mdomoni. Nikafunga breki mapema, mapema kuliko mtu yeyote siku ile, nikaingia polepole kama bibi harusi. Hata hivyo tairi la mbele likaondoka. Kidogo tu, upana wa kiganja, likaenda kwake na mimi nikabaki kwangu. Nikaachia breki, likashika. Nikapita mbele ya mama nimekunja uso, sikumtazama, na nyuma yangu nikasikia vigelegele.

Niliwashinda wachache sana. Wenzangu waliniuliza kulikoni, nikasema tumbo. Nikasukuma baiskeli mpaka Kasingirima kwa miguu, njia nzima napanga maneno. Maneno mazito, ambayo mtu akimwambia mama yake hayarudi tena mdomoni.

Nilimkuta jikoni anakaanga migebuka. Wenzake walikuwa wameshaondoka. Nikaiegemeza baiskeli mlangoni, hata shikamoo sikumpa.

"Mama, ulipaka nini matairi yangu?"

"Mise," akasema, uso umechangamka. "Nzuri, ile ya kwanza kukamua. Niliamka mapema kabla yako. Uliona yalivyong'aa?"

"Wewe unajua mafuta yanafanya nini chini ya mguu! Ulitaka nianguke?"

Mwiko ukabaki hewani. Akanitazama, akaitazama baiskeli, akaja kuinama kwenye tairi la mbele. Akapitisha gumba kwenye lile tope jekundu la vumbi na mafuta. Nikaona anaelewa, pole pole, kuanzia macho mpaka magoti, kwa sababu alikaa chini pale pale kizingitini na gauni lake la sikukuu.

"Ndiyo maana ulikuwa unapita vumbini," akasema. "Waliokuona mlimani walituambia. Mimi nikadhani umechoka."

Nikaushika usukani wa baiskeli.

"Sikuwaza barabara, mwanangu. Niliwaza watu." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, mkono ulikuwa na mafuta. "Jana niliyaona yamepauka, meupe kama miguu ya yatima. Nikasema, atasimamaje mbele za watu hivyo? Watasema hana mama."

Samaki wakaungua. Maneno yangu yote niliyoyapanga njiani sikulipata hata moja. Nikakaa kizingitini pembeni yake, nikalia kuliko siku ile ya bega.

Mbio zilizofuata nilisugua matairi kwa msasa kama kawaida, mpaka majivu. Alfajiri mama akatoka na chupa yake ya mise, akasimama mbele ya baiskeli, akayatazama matairi na ule uso wa mtu anayejizuia. Nikavuta kigoda, nikakunja suruali, nikamnyooshea miguu.

"Nipake mimi, mama. Hayo yaache yapauke."

Akanipaka kuanzia magotini mpaka vidoleni, taratibu, kila mguu, kama nilivyokuwa nikipakwa kabla ya kupelekwa kwa wageni. Kisha akaenda kunawa mikono kwa sabuni, akarudi akainusa, akaenda akanawa tena, ndipo akanishikia baiskeli.