Interviu ya Mama Lwamba

Siku hizi nikisikia neno interviu nataka kutema mate. Nilipokuwa mtoto hapa Kabambare lilikuwa neno la radio: waziri anafanya interviu, mpiga mpira anafanya interviu, nasi tunanyamaza kusikiliza. Baadaye vijana wenye diploma wakaanza kwenda Kindu kupita interviu ya kazi, wakirudi na viatu vimejaa matope na mikono mitupu. Kisha vita vikaleta magari yenye antena, na interviu ikashuka mpaka jikoni kwa wakina mama. Sasa mtu anawekwa kwenye kiti cha plastiki, anaombwa aeleze ubaya uliompata, pole pole, bila kuruka kitu. Wakimaliza wanasema asante na kufunga vioo vya gari.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nimekuwa mtafsiri wa wageni hao wa magari miaka sita. Kifaransa changu ni kizuri. Ndiyo sifa yangu yote.

Jirani yangu Régina, tunayemwita Mama Lwamba, alizaliwa Nyangwe kwa watu wa mitumbwi, akaolewa huku kwenye mashamba. Wakwe walimcheka kwamba hajui kushika jembe. Baada ya miaka miwili mpunga wake uliwapita wote. Mumewe alikufa mapema, akabaki na Lwamba, mtoto mmoja tu, mwenye kovu la uji wa moto shingoni. Lwamba alikwenda kuchimba dhahabu Salamabila. Shimo lao likavamiwa wakati wa mapigano, na tangu pale hakuna aliyemuona, wala mzima wala maiti. Huu ni mwaka wa saba. Kila motari anayetoka Salamabila na pikipiki yake, Mama Lwamba anamsimamisha, anajigusa shingo kwa kidole: kovu liko hapa, umemuona?

Mwaka jana wakaja wageni wa shirika moja. Mkubwa wao alikuwa dada wa Kinshasa, Sarah-Grâce, asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji. Nikamketisha Mama Lwamba mbele yake, nikamtaja kwa jina la Régina tu. Akaulizwa mwanawe alikufa namna gani.

"Hakufa," akasema. "Mutoto wangu iko muzima. Munisaidie kumutafuta, ni hiyo tu."

Aliulizwa mara tatu, akajibu vile vile, macho makavu. Sarah-Grâce akaniambia kwa Kifaransa kwamba habari hii haina mwisho, nimletee mtu mwingine.

Mwingine alikuwepo tayari. Cécilia, anayekaa nyuma ya nyumba yangu, alikuwa amesimama nje ya ua akisikiliza kila neno. Huyu hakupoteza mtu yeyote vitani, lakini alitumaini wageni wangemsaidia. Akaketi, akaanza: mwanangu Lwamba, mwenye kovu shingoni, shimo la Salamabila. Yote ya jirani yake, hata namna ya kujigusa shingo. Kisha akaipa habari mwisho: aliletewa maiti juu ya pikipiki, akamzika kwa mikono yake. Akalia vizuri mno. Sarah-Grâce naye akalia.

Nami nikatafsiri. Nilijua ni uongo tangu jina la kwanza, nikatafsiri bila kukohoa, kwa sababu nilitaka wageni wale waniite tena. Ningeweza kusema nilimwonea Cécilia huruma, lakini sikumwonea. Wiki iliyofuata walinipeleka Kasongo, nikausoma ushuhuda ule kwa Kiswahili kwenye radio. Jina la mama tulilificha ili kumlinda. La mtoto hatukulificha. Maiti hahitaji ulinzi, walisema.

Radio ile haisikiki kwetu. Nyangwe inasikika.

Siku ya tano ndugu za Mama Lwamba wakaingia uani kwake, watu kumi na wawili, wamelala njiani mara mbili, wanalia tangu barabarani. Mdogo wake, Dieudonnée, alikuwa amekwisha kunyoa kichwa kwa msiba.

"Yaya, dada yangu mukubwa, ulituficha kifo ya mutoto? Tuisikie kwa radio, sawa vile wageni?"

"Kifo gani? Ni nani alisema?"

"Ni huyu mwalimu jirani yako. Sauti yake tunaijua."

Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu. Mama Lwamba akavuka, akaniuliza taratibu: "Mwalimu, ulimuona?"

"Hapana, mama. Nilisoma tu."

Nikawaendea ndugu zake, nikaapa kwamba kifo kile kilitungwa. Nani anisikilize? Lisemwalo lipo, walisema, na lililosemwa radioni ndilo zaidi. Wakatandika mikeka, wakalia siku tatu. Siku ya tatu wanawake walimkalisha Mama Lwamba chini, wakamnyoa. Motari wawili walipita wakitoka Salamabila, wamechafuka vumbi jekundu, naye hakuinuka.

Sarah-Grâce alikuwa bado Kabambare, akimalizia mikutano yake. Aliposikia kwamba yule mama sasa ana matanga, alikuja mbio na kiti chake cha plastiki. Alikuwa na furaha. Naapa niliiona usoni mwake. "Sasa anaweza kuzungumza," akaniambia. Nikakaa katikati yao. Ndiyo, nilikaa, na mpaka leo najichukia kwa hilo.

Akauliza mwanawe alikufa namna gani.

Mama Lwamba hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Mumuulize mwalimu," akasema. "Ni yeye alimuua."

"Amesema nini?" akauliza Sarah-Grâce, kalamu tayari.

Nikamjibu kwa Kifaransa kwamba mama amechoka, turudi kesho.