Bimdogo Akagua Singeli

Bimdogo alimpokonya binti yake Hafidha simu kwa sababu ya wimbo wa singeli aliokuwa akiusikiliza. "Matusi matupu! Ndani ya nyumba yangu!"

Hafidha aliinama kwa adabu kuficha tabasamu. Bagamoyo nzima ilijua kwamba mama yake ni kungwi, na kwamba nyimbo anazowafundia maharusi haziimbwi mpaka mlango ufungwe na wanaume wafukuzwe hadi barabarani.

Lakini wiki ile mwari mmoja wa Miono alikuwa ametuma ujumbe: ngoma ya kungwi haitakiwi kwenye harusi yake Jumamosi, wao watapiga singeli. Jambo hilo lilimchoma Bimdogo kuliko alivyotaka kukiri. Kwa hiyo Hafidha alipotoka kuanika nguo, yeye aliketi chumbani akaufungulia wimbo ule ule. Akausikiliza hadi mwisho, kisha akaurudia.

Hafidha aliporudi, alimkuta amekunja uso, kidole kikigonga ukingo wa kitanda.

"Mama! Si ulisema matusi?"

"Matusi gani haya? Huyu mtoto anayeimba anataja kila kitu waziwazi, kama anasoma orodha ya sokoni. Tusi hufunikwa kanga, mwanangu, msikilizaji alifunue mwenyewe."

"Basi nipe simu yangu."

"Subiri kwanza. Maneno ni ya ovyo, lakini mdundo una kasi." Bimdogo aliivuta ngoma yake kutoka mvunguni. "Huyo mwimbaji mwondoe, uniachie mdundo mtupu. Halafu mpigie mwari wa Miono. Mwambie Jumamosi kungwi anakuja na singeli yake mwenyewe."