Ekseli ya Kumkomesha Shemeji

Fundi baiskeli mmoja alibandikwa jina la Kaza, kwa kuwa kila ugonjwa wa baiskeli aliutibu kwa kukaza nati. Sasa alikuwa anajiundia yake mwenyewe, ya milimani, isiyo na springi nyuma, na kilichomtoa jasho ni ekseli, kile chuma kinachoshikilia gurudumu la nyuma. Fremu ilikubali aina mbili: ya mkono, yenye kishikio unachokifyatua tu na gurudumu linatoka, au ya nati, isiyotoka bila spana.

“Chukua ya mkono,” mkewe alimwambia. “Utainama na spana mpaka lini, na mgongo wenyewe huo?”

“Ili kaka yako anichomolee gurudumu nikiwa chooni?”

Kaka mtu alikuwa ameshaazima pampu, kufuli na suruali, na hakuna hata kimoja kilichorudi.

Kaza akafunga ya nati, akaikaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Shemeji akatokea, akaizunguka baiskeli, akapapasa nati, akatikisa kichwa.

“Shem, hapa umekaza kweli kweli. Hebu niazime spana.”

Kaza, hodari wa kukaza kila kitu isipokuwa uso mbele ya shemeji yake, akampa. Kisha akamshikia baiskeli isiyumbe.