Nilivyofelishwa Mtihani wa Kihispania

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo na kitambaa. Mkuu wa madereva akaniambia, "Wewe wa Nyanungu, gari lisipong'aa huondoki hapa." Nikaling'arisha. Nikaendesha watalii miaka na miaka katika kambi moja nje ya Mugumu, na anayeitwa mwongozaji, yule wa kusimama na kueleza habari za simba, siku zote alikuwa mwingine. Simba wenyewe niliwatafuta mimi!

Baadaye wakaanza kuja Wahispania. Meneja wa kambi akatangaza kwamba atakayefaulu mtihani wa Kihispania cha awali atapandishwa kuwa mwongozaji. Nikanunua daftari. Nanyi vijana mnaosema mzee hafundishiki, sikieni: nilisoma huku naosha magari. Sisi tunamtaja mtendaji mwanzoni mwa kitenzi, ninasema, unasema. Wao humweka mkiani: hablo, hablas, habla. Tena kila kitu kwao ni dume au jike. Meza ni jike! Nani aliwahi kuiona ikizaa? Lakini nilikariri hivyo hivyo.

Katika darasa la Kihispania lililofunguliwa kambini, aliyenizidi alikuwa mmoja tu, Mama Bhoke, mke wa mwanangu mkubwa, aliyemenya viazi jikoni mwa kambi. Yeye alikaa nyuma mlangoni, mimi mbele dirishani. Kwetu Wakurya baba mkwe na mkamwana hawashikani mikono wala hawali meza moja.

Siku ya mtihani meneja akatupanga wawili wawili. Mimi na nani? Na Mama Bhoke! Eti tuigize mume na mke wanaokula hotelini.

Nikasimama. "Meneja, huyu ni mkwe wangu. Nibadilishie."

"Mzee, ni maigizo tu. Dakika tano."

"Mkwe haigizwi. Hata dakika moja."

"Basi umefeli."

Mama Bhoke alishajifunika uso kwa khanga, akatoka. Naye akaandikiwa amefeli. Darasa lilikuwa na watu kumi! Kubadilisha majina mawili kungemgharimu nini yule bwana? Ndiyo, bado nina hasira, na sioni haya kusema.

Nimestaafu nikiwa dereva. Barua ya kuniaga inanisifu kwa utii. Utii! Lakini mimi miaka yangu ilikuwa imekwisha. Kinachonikereketa ni yule binti wa watu, ambaye hadi leo anamenya viazi kwa sababu meneja mpya anasoma faili tu, na faili linasema amefeli. Ila sasa nasikia atakubaliwa kurudia mtihani.

Juzi nilikuwa zizini nafunga ndama, nikamsikia jikoni kwake akikariri. Kumbe hakuacha! Hablo, hablas, habla... akakwama. Akaanza tena, akakwama palepale. Mimi siwezi kuingia jikoni kwa mkamwana. Nikamgeukia ndama, nikamwambia kwa sauti ya kufika ng'ambo ya ua, "Hablamos, habláis, hablan!"

Jikoni akaanza upya. Nikazisikia zote sita, tangu mwanzo hadi mwisho, na hakukwama.