Hongera kwa Jeneza Lako

Mumewe ndiye aliyembandika jina la Mama Mabano, kwa sababu kutwa nzima alikuwa akigombana na alama za mabano: moja likisahaulika kufungwa, tovuti nzima inagoma. Alikuwa fundi wa tovuti, na ofisi yake ilikuwa kona ya meza ya chakula, upande usiofikiwa na mchuzi.

Siku moja seremala wa majeneza alimpa kazi ya kumtengenezea duka la mtandaoni. Mama Mabano akamweleza kwamba siku hizi hakuna anayeandika JavaScript, lugha ya kuendeshea tovuti, yote kwa mkono wake. Unachukua vifurushi vilivyoandikwa na watu usiowajua, kimoja cha kikapu cha manunuzi, kimoja cha malipo, kisha unaviunganisha.

"Kama mimi na bawaba," akasema seremala. "Sizifui. Nanunua."

"Ndiyo hivyo, kaka."

Duka likafunguliwa Jumatatu. Jumatano seremala akapiga simu, sauti imempoa.

"Dada, mteja wangu kafiwa na baba. Kalipia jeneza, tovuti ikampongeza."

"Ikampongeza vipi?"

"Imeandika 'Hongera!' Halafu karatasi za rangi zikamwagika kwenye kioo, kama harusini."

Mama Mabano akaagiza jeneza la majaribio. Zikamwagika. Kumbe kifurushi cha kikapu kilibeba kingine tumboni, na hicho kikabeba kingine tena, na hicho cha mwisho ndicho kilichokuja na shangwe zake. Akaiuliza akili mnemba inayomsaidia kuandika msimbo. Ikaomba radhi kwa adabu, ikashauri karatasi ziwe nyeusi. Akaishukuru, akatafuta mwenyewe, akabadilisha neno moja. Shangwe zikakoma. Aibu ikabaki palepale.

Kesho yake akafuatana na seremala hadi msibani. Njia nzima alikuwa akijiandaa kutukanwa. Mfiwa akawasikiliza wakiomba radhi mpaka mwisho, kisha akawavuta pembeni.

"Baba alikuwa mkorofi, Mungu amrehemu," akasema kwa sauti ya chini. "Tangu juzi kila mtu ananipa pole. Ni tovuti yenu tu iliyonielewa."

Seremala akatazama viatu vyake. Mama Mabano naye akatazama viatu vya seremala. Wakaletewa chai, wakanywa.

Tangu hapo ujumbe wa malipo anauandika mwenyewe: "Pole kwa msiba. Oda imepokelewa." Na kila akigusa kitu katika tovuti ile, huagiza kwanza jeneza la majaribio kwa jina na namba ya mumewe, kwa kuwa ndiyo namba anayoikumbuka kichwani. Mara ya kwanza mume alipopokea ujumbe kwamba jeneza lake la futi sita litakuwa tayari Ijumaa, aliomba ruhusa kazini. Alirudi nyumbani mapema, akaosha vyombo vyote, kisha akauliza kwa upole kama kuna nguo za kuanua.